Roboti Yetu Haitembei, Inarushwa na Sakafu

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kusema kumenishinda, na si mara ya kwanza, hata darasani mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua huinamia daftari mpaka anampa mwingine nafasi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, napenda vitabu na kompyuta, na rafiki ninaye mmoja tu, shuleni wote wanamwita Spika kwa sababu hakuumbiwa sauti ya chini, na yeye ndiye huniombea ruhusa na kunisemea popote ninapokwama, kwa hiyo nikimkosa huyo sijui nitabaki na nani.

Shida yenyewe ni hii. Mimi na Spika tumo katika klabu ya roboti, na kwa kuwa shule haina vifaa vya kujaribia na kuvunja, tunatumia programu huria ya kuigiza fizikia, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua bure na kuifungua asome ilivyoandikwa, wanaitumia watengenezaji wa michezo ya kompyuta na wanaitumia mainjinia wa roboti, kwa sababu ndani yake mpira ukianguka unadunda, sanduku ukilisukuma linateleza, na roboti ikijikwaa inaanguka bila hasara. Tuliunda roboti ya miguu minne kwenye skrini, tukaiacha ijifunze yenyewe kutembea kwa kujaribu na kukosea, kila ikisogea mbele inapewa alama, na mwanzoni ilikuwa inagaagaa kama mende aliyepinduliwa, tukacheka mpaka mwalimu wa fizikia akaja kuuliza kulikoni.

Lakini kompyuta ya klabu ni kuukuu na mafunzo yalikuwa yanajikokota, basi Spika akasema, "Aisee, hii mashine inapumua kama mgonjwa, tutazeekea hapa," akaingia kwenye mipangilio akaongeza hatua ya muda. Naomba nieleze kidogo hapo. Programu hii haioni muda ukipita mfululizo kama sisi, inatazama, inafumba macho kidogo, inatazama tena, na Spika alirefusha ule muda wa kufumba macho ili kazi iishe upesi. Ikaisha upesi kweli, roboti ikaanza kwenda kwa madaha, vihatua vyepesi kama swala, mwalimu akapiga makofi, tukachaguliwa kuiwakilisha shule kwenye maonyesho, na baba yake Spika, ambaye ni seremala, akajitolea kutuchongea miguu ya mbao ya roboti halisi kwa vipimo vya kwenye skrini.

Mimi sikutulia. Niliirudia video polepole nikaona kila hatua unyayo unazama ndani ya sakafu, kidogo tu. Programu ikifumbua macho inaukuta mguu umeshapenya, na kwa kuwa haikubali vitu viwili vikae mahali pamoja inautoa kwa nguvu, na roboti yetu imegundua kwamba ikiukita mguu kwa makusudi itatupwa mbele bila kutoka jasho. Nikamwambia Spika, "Naona kama mguu unazama." Akanijibu, "We naye, usianze! Tumechaguliwa, mwalimu anacheka, mzee ameshaleta mbao, wewe bado unatafuta doa?" Nikasema labda ni macho yangu.

Kisha nikaenda kwenye jukwaa la mtandaoni la wanaoitunza programu hiyo, ambako mtu hahitaji kufungua mdomo, nikaweka video yetu nikauliza kama programu ina kasoro. Mmoja wao akanijibu kwa upole, "Programu haina kasoro. Roboti yenu haitembei, inarushwa na sakafu. Rudisheni hatua ya muda mlivyoikuta, muifundishe upya." Wengine wakatania, mmoja akaandika, "Huyo aliyeongeza hatua apokonywe kipanya!" Nikairudisha hatua hiyo kwenye nakala yangu, roboti ikaanguka chali.

Sasa jukwaa lile liko wazi kwa kila mtu, na mwalimu amemtuma Spika humo akatafute maelezo ya kuweka kwenye bango letu, na baba yake yuko karibu kuanza kukata mbao. Nikinyamaza tutaanguka mbele ya watu, nikisema nitaonekana msaliti. Nimefikiria kuurekebisha mpangilio kimyakimya kwenye kompyuta ya klabu, ianguke yenyewe, asijue ni nani. Nifanye nini?

Mimi,
Mkimya wa Klabu

JIBU

Mkimya, marahaba mwanangu.

Nianze na haki yako. Umeona ambacho mwalimu hakukiona, na hukukisia, umekwenda kuuliza wanaojua. Mimi na fizikia tuliachana shuleni bila kinyongo, lakini huo mfano wako wa kufumba macho nimeuelewa mara moja. Mtu aliyeweza kunielewesha mimi asiniambie kwamba hawezi kumwelewesha rafiki yake.

Sasa nikukaripie. Ulisema "naona kama", akakukatiza, ukasingizia macho yako. Huko si kusema. Hiyo ni kubisha hodi na kukimbia kabla mlango haujafunguliwa. Halafu ukaichukua kazi ya watu wawili ukaipeleka mbele ya wageni, wakamtania mtu asiyejua hata kama anajadiliwa. Umewaambia mainjinia wasiomjua, umeniambia mimi, na sasa wanasoma wote wanaofungua ukurasa huu wa gazeti. Aliyestahili kuwa wa kwanza ndiye peke yake asiyejua. Kitakachomuuma Spika si roboti kuanguka, ni kuipata habari kwa watu baki.

Hilo wazo la kubadilisha mpangilio kwa siri lifute kabisa. Unamfikiria akihangaika kutafuta kosa ambalo wewe unalijua, nawe umekaa pembeni unamtazama? Usijidanganye kuwa huo ni upole. Ni ukatili usio na kelele.

Nakala ya jibu hili nimeituma kwenye anwani uliyoniwekea, kwa sababu msumeno wa mzee hausubiri gazeti litoke. Ukiipata tu, fanya hivi. Mkalishe Spika mbele ya kompyuta mkiwa wawili. Hotuba usiandae. Mwambie, "Kuna kitu niliogopa kukuonyesha," umwonyeshe unyayo ukizama, polepole, mpaka auone mwenyewe. Kipanya ashike yeye. Arudishe hatua ya muda kwa mkono wake, aiangalie ikianguka. Hapo hapo, kabla hajakuuliza lolote, mfungulie ukurasa wa jukwaa asome yote, hata ule utani. Umwombe radhi kwa hilo. Kwa kuwa sahihi usiombe radhi, huna kosa hapo. Na ukurasa wenyewe usiufute, maana kuna mwingine huko aliko roboti yake inarushwa na sakafu na hajui.

Atafoka. Mwache afoke, mtu anayeitwa Spika hawezi kukasirika kwa minong'ono. Wewe usiinuke kwenye kiti.

Akimaliza, mwende wote wawili kwa baba yake mumwambie asikate. Mbao ambayo haijakatwa bado ni mbao. Kisha mrudi kuifundisha roboti upya, hata kama mashine itapumua kama mgonjwa. Kama haitakuwa tayari siku ya maonyesho, wekeni zote mbili kwenye skrini, ile inayorushwa na ile inayoanguka, muwaeleze watu tofauti yake. Spika awakaribishe wageni. Sehemu ya kufumba macho useme wewe, kwa mdomo wako, hata kama sauti itatetemeka. Mwambie mwalimu mapema kwamba mmepanga hivyo, asishtukie ukumbini.

Siwezi kukuahidi kwamba hatanuna. Huenda akakaa siku kadhaa anakupita kama nguzo. Ikiwa hivyo usijifungie na vitabu vyako ukingoja akufuate. Mfuate wewe, umsalimie wewe kwanza, kwa sauti ya kusikika, kila asubuhi mpaka aitikie.