Nimeuliza Baba Atatoka Saa Ngapi

Lorna uko? Usipige, siwezi kuongea. Nitaandika tu.

Wamempeleka Baba. Ubongo umeshakufa, ilibaki mashine tu. Si unajua alijiandikisha kitambo, akifa wachukue moyo, figo, wampe anayehitaji. Baba huyu huyu aliyemnyima jirani beleshi la theluji!

Hospitali nzima ikajipanga ukutani kumsindikiza, ndiyo heshima yao kwa anayetoa viungo. Madaktari, manesi, mpaka wale wa jikoni na kofia zao. Kitanda kinapita, kifua kinapanda na kushuka, na mkono wake una joto, Lorna. Una joto kabisa.

Silii. Sijui nina nini.

Tukafika mlango wa chumba cha upasuaji. Nesi akaniambia, "Wewe unaishia hapa, dada." Nikambusu Baba. Halafu nikamuuliza nesi, kama ile siku Baba alipopasuliwa goti, "Atatoka saa ngapi?"

Nimeuliza hivyo. Mbele ya watu wote wale. Atatoka saa ngapi.

Nesi alivua sweta lake akanivika.

Kaka Curtis anasema twende nyumbani. Nimemwambia atangulie. Nimekaa kwenye viti vya kusubiria, vilevile vya siku ya goti, na kila mlango ukifunguka nasimama.