Mama Mpya wa Miaka Thelathini

Nekesa mwanangu,

Hujambo huko Kitale? Mimi mzima, ila hapa Butimba nimepata mama. Ni Mama Masalu, mwenyeji wangu, na ana miaka thelathini kama wewe. Najikokota na Kisukuma chao ili siku ya harusi nisiwe bubu mbele ya wakwe wa kaka yako.

Jana nilikwenda soko la Mwaloni kununua samaki, sato, mvua ikanizuia huko, nikarudi giza likianza kuingia. Nikamkuta Mama Masalu getini. Huku mwanamke humsalimu mkubwa wake kwa kupiga magoti, basi akapiga magoti palepale kwenye tope. "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba. Hata hajainuka, akanigeuzia kibao: "Ulikuwa wapi mpaka saa hizi? Hiyo simu unabeba ya nini?"

Sijawahi kugombezwa na mtu aliyenipigia magoti! Sikujua nimwinue au nijitetee, basi na mimi nikapiga magoti. Jirani akapita, akauliza tumeangusha nini.

Nikamwambia, "Lakini mimi ni mtu mzima." Akajibu, "Mtu mzima hawaweki watu roho juu."

Nekesa, si ndiyo maneno yangu hayo, nilipokuwa nakungoja getini na kandambili mkononi? Nisamehe, mwanangu. Mungu akutunze, na baba yako ale vizuri. Sasa ngoja nikaombe ruhusa ya kwenda posta.

Mama yako