Bahari Yetu ya Kwenye Beseni

Kwako Baba Ilunga, uliyekuwa mume wangu,

Barua hii naiandika kabla ya Jumapili, lakini mtoto wetu ataisoma uani mwa parokia ukiwa umekwisha kunywa. Basi weka kikombe chini, usikilize.

Unakumbuka beseni? Tulikuwa walimu wapya wa shule moja, wewe hesabu, mimi kemia. Wanafunzi wangu hawakuwahi kuiona bahari, kwa hiyo niliwatengenezea: maji ya bomba na chumvi ya jikoni. Ulionja, ukatema, ukanicheka mbele yao. "Madame, bahari iko wapi huku Lubumbashi? Unatupikia supu, na samaki ya Kasenga haiko!" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa nilikupenda.

Kisha nikakueleza taratibu. Jua likipasha maji, maji hupanda kama mvuke. Chumvi haiwezi kupanda, inabaki chini. Mvuke ukigusa kioo kilichofunika beseni, unarudi kuwa matone, na kioo kikiinama, matone yanateremkia kikombe kilicho ndani. Shida yetu ilikuwa mvuke kutorokea ukingoni. Nikapika bukari ngumu, ugali wetu, nikaifinyanga ikiwa vuguvugu kati ya kioo na beseni. Ikakauka, ikashika. Jioni ulimaliza kikombe, ukanishika mikono yangu yenye unga. "Madame, weye uko mulozi!"

Ulipotuacha kwenda Muanda, baharini, ulikwenda na mwanamke mwingine na kazi yangu. Mwanamke nimekwisha kumsamehe. Huko ukapata jina, bwana anayegeuza maji ya bahari yanyweke, na redioni nikakusikia ukisema, "Nilianza na beseni na bukari, peke yangu." Peke yako, wewe ambaye hukuwahi kushika mwiko!

Sasa unarudi na madumu ya maji ya bahari, uonyeshe pale parokiani ulivyoanza, wakubwa waonje. Mpwa wako Clarisse alikuja kuniomba kile kioo cha zamani. Nikampa. Nikamuuliza, "Bukari atapika nani?"

"Bamama ba ku restaurant, Mama. Ile ya kawaida tu."

"Muzuri," nikamwambia. "Muzuri sana."

Bukari ya kawaida kwetu, kwa wasioijua, ni mahindi yaliyochanganywa na muhogo. Muhogo huo hulowekwa siku nyingi kabla ya kukaushwa na kusagwa, na ule uchachu hautoki. Mvuke wa moto unaubeba mpaka kikombeni. Yangu ilikuwa ya mahindi matupu. Uliila mezani kwangu miaka yote, na hata siku moja hukuuliza inapikwaje.

Ningeweza kukutumia neno. Clarisse alikaa, akanywa chai, tukaongea mpaka jua likapungua. Sikutaka. Nimengoja tangu ile siku ya redio, na kungoja hakujanichosha.

Niko hapo mbele yako, kiti cha kwanza. Chupa zilizo miguuni pangu ni maji niliyoyatoa kwenye chumvi wiki hii, kwa beseni lililozibwa kwa bukari ya mahindi matupu. Wakubwa watamiminiwa sasa hivi, wasafishe vinywa. Wewe peke yako utayaomba, kwa sauti, ukimtaja aliyekufundisha.

Haya, Baba Ilunga. Watu wanakutazama, na huo muhogo bado uko mdomoni mwako.

Mimi Mama Ilunga,
mwalimu wako.