Kanuni ya Kumi na Tisa

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mashine za hapo kazini hazijakupunguzia vidole. Sisi hatujambo. Mama yako ana kikohozi, lakini hakijamzuia kugomba. Mdogo wako Nyigu anakula chakula cha watu watatu.

Nimeanza barua hii mara tatu leo. Kila nikikaa naona kitu cha kuniinua. Ligi ya wasichana ya sofboli inafunguliwa tarehe saba mwezi ujao, na mimi ndiye katibu, maana ilipoulizwa nani ana mwandiko unaosomeka wote walinigeukia. Mwaka jana tulicheza kwa kanuni za mdomo, na kanuni za mdomo hubadilika kutegemea nani anafungwa. Safari hii tunataka kitabu. Kwa kuwa wewe ni mpiga chapa na mimi ni baba yako, sikuona haja ya kuhangaika kutafuta mwingine.

Rasimu hii hapa, kanuni ishirini na nne. Utaona kila moja ina mtu nyuma yake. Ya tano, kwamba anayepiga na anayekimbia wavae helmeti, imetokana na jino la binti wa kinyozi. Ya tisa, kwamba timu ikiachwa kwa pointi kumi na mbili baada ya awamu ya tatu kati ya saba mchezo unakwisha, ni ya mwenyekiti wetu, muuza nyama, ambaye mwaka jana aliachwa kwa ishirini na sita na bado akagoma kutoka uwanjani. Ya kumi na saba inasema mzazi haruhusiwi kusimama nyuma ya mdakaji na kumshauri mwamuzi anunue miwani. Hiyo ni ya mama yako.

Kuna nesi mmoja, mzazi, alileta kanuni nyingine ya kumwekea mrushaji kikomo cha kurusha. Tulicheka tukaifuta. Mpira wetu unarushwa mkono ukipita chini, na mkono wa chini hauumizi bega, hilo hata mtoto anajua.

La mwisho, halafu nirudi kushona glavu na viatu vya watu. Mwandiko wa barua zako umenishinda. Herufi zote zimelalia upande kama zimetoka kilabuni. Wewe ulikuwa unaandika vizuri kuliko walimu wako. Punguza haraka.

Ni mimi Baba yako


11 Februari

Shikamoo Baba,

Barua nimeipata, na mimi ni mzima, vidole vyote kumi vipo. Mpe Mama pole ya kikohozi, na mwambie kanuni ya kumi na saba nitaichapa kwa herufi nene. Naandika nimesimama kando ya mashine ya kukatia karatasi. Msimamizi wetu akimwona mtu amekaa anadhani amekufa. Wiki hii nimehamishwa kitengo mara mbili na nyumbani bado sijafungua mizigo yangu yote tangu nihamie chumba kipya.

Rasimu nimeisoma. Kanuni ya tatu umesema mchezaji awe hajatimiza miaka kumi na tano, lakini hukusema hajatimiza lini. Weka tarehe, la sivyo muuza nyama atakuletea mama wa watoto wawili. Ya kumi na mbili, mrushaji aanze miguu yote miwili ikiwa juu ya kibao cha kurushia, iko sawa. Ya ishirini, hereni na mikufu vivuliwe, iko sawa pia, ila waambie mapema wasije wakalia siku ya mechi.

Mwandiko ni haraka tu, Baba.

Ile kanuni ya nesi ilisemaje? Naomba maneno yake kama alivyoyaandika. Na Nyigu anarusha siku ngapi kwa wiki?

Mwanao, kifungua mimba wako


18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi cha mama yako kimepona, sasa anagomba kwa sauti safi. Mimi sijambo, ila usingizi umenihama kwa ajili ya ligi hii. Tarehe tumeweka, mosi Januari. Muuza nyama alinuna, nikajua ulimpata.

Maneno ya nesi ni haya: "Mrushaji asirushe zaidi ya awamu nne kwa siku, wala zaidi ya awamu nane ndani ya siku tatu." Sasa mchezo wetu una awamu saba. Unaona mambo hayo? Mchezo umefika utamu, mrushaji wako amekaa benchi anakunywa maji. Nilimjibu nesi kwamba binti yangu mkubwa, akiwa na miaka kumi na saba, alirusha mashindano mazima ya siku tatu peke yake akaleta kombe, na mpaka leo anabeba marobota ya karatasi.

Wewe ulikuwa mrushaji, mwanangu. Sijalisema hili kwa miaka kumi na moja, lakini leo kalamu imenitoroka. Ulipotupa glavu kabatini ukasema umeuchoka mpira, uliniumiza. Mwaka mzima sikuwa na neno la kukuambia. Yamekwisha. Sasa Mungu kanipa Nyigu.

Yeye anarusha kila siku ya Mungu. Asubuhi ukutani kabla ya shule, jioni na timu. Ana miaka kumi na nne na wapigaji wa mtaa mzima wanamwogopa. Na maringo yameanza: siku hizi anachana nywele kwa mkono wa kushoto, ukimuuliza anasema ndio mtindo. Wasichana nyinyi.

Tunataka nakala mia mbili. Mwenyekiti ameshatia sahihi. Usibadilishe hata nukta.

Baba


25 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Rasimu yenye sahihi nimeipokea. Vitabu vitakufikia asubuhi ya ufunguzi, si kabla ya hapo, mashine zimeelemewa.

Mwambie Nyigu asirushe wiki hii. Mwambie dada yake ndiye kasema.

Mwanao


8 Machi

Mwanangu,

Salamu nitakupa, kwa sababu utovu wa adabu hautibiwi kwa utovu wa adabu. Hujambo? Hapa wote hatujambo isipokuwa mimi.

Vitabu vilifika jana saa tatu asubuhi, na ufunguzi ulikuwa saa nne. Hata kamba ya mzigo niliikatia uwanjani. Nikapewa kipaza sauti niwasomee wazazi wote kanuni, nami nikasoma kwa madaha, maana vimetoka vizuri, siwezi kukana. Ya kumi na saba watu wakamgeukia mama yako wakacheka. Ya kumi na nane ikapita. Nikaingia ya kumi na tisa kwa sauti yangu ya ukatibu, na nilikuwa nimeshafika "wala zaidi ya awamu nane ndani ya siku tatu" ndipo masikio yakasikia mdomo unasema nini. Ningefanyaje? Nikamalizia. "Na akisema mkono unamuuma atatolewa hapo hapo, bila kuulizwa mara ya pili na bila kuambiwa avumilie." Hayo ya mwisho hata nesi hakuyaandika. Umeyatoa wapi?

Watu wakapiga makofi. Nesi alisimama. Muuza nyama alinitazama kama mtu niliyemuuzia mbuzi mgonjwa.

Nilikuambia usiguse hata nukta. Umechukua sahihi ya mwenyekiti ukaibandika kwenye neno lako, kisha ukamtuma baba yako alitangaze mbele ya mtaa. Kamati inakutana Alhamisi ya tarehe kumi na tisa. Tuko watano. Wawili wanataka ibaki, wawili wanataka ukurasa uchanwe kwenye kila kitabu. Kura ya tano ni yangu, na nimeshawaambia nachana.

Tangu jana nimehama kiti mara nne. Nimetoboa glavu ya mteja mahali pasipotakiwa. Kama una la kusema, liseme kabla ya Alhamisi hiyo.

Baba yako


12 Machi

Shikamoo Baba,

Sitaandika kwamba sijambo. Nimekosa kutumia sahihi ya mtu, na nilichelewesha vitabu makusudi ili usipate nafasi ya kuvisoma. Msimamizi wangu nimemwambia mwenyewe, na onyo lake la maandishi liko mfukoni mwangu. Kwa hayo naomba radhi, kwako na kwa muuza nyama. Kwa maneno yenyewe ya kanuni siombi.

Uliniuliza mwandiko nikakujibu ni haraka. Nilikudanganya. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Siku ya tatu ya yale mashindano, awamu ya nne ya fainali, kitu kilichanika begani. Nilikisikia kikichanika. Nikaja benchi nikakuomba wewe, kocha wetu, nipumzike awamu moja tu. Ukaniambia, "Vumilia. Utapumzika ukishashinda." Nikavumilia, tukashinda. Picha unayo ukutani dukani, nimeinua kombe kwa mkono mmoja, na wewe huwaambia wageni kwamba hayo ndiyo maringo ya bingwa. Mkono wa pili ulikataa kupanda, Baba. Tangu siku hiyo unaishia kifuani. Nikishika kalamu, vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Marobota nabeba kwa kushoto.

Sikusema kwa sababu sikuwahi kukuona na furaha kama ile, kabla yake wala baada yake. Niliona heri unione mvivu kuliko ujue. Mama alijua. Alinikanda kwa maji ya moto miezi miwili wewe ukiwa dukani. Usimlaumu, nilimwapisha.

Nilidhani nitakaa nalo hivyo hivyo mpaka uzeeni. Kisha ukaniandikia habari za Nyigu na nywele zake. Baba, mimi pia nilianza na kuchana nywele kwa kushoto. Na mimi pia nilisema ndio mtindo.

Ukurasa uchane ukitaka, kura ni yako. Lakini kabla hujauchana, mwambie Nyigu akuteremshie kitu kutoka kwenye rafu ya juu.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Safari hii nauliza nikitaka jibu.

Barua yako ilifika Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Niliisoma nimesimama, nikatoka nje, nikaizunguka nyumba, nikarudi kuisoma tena. Nikamuuliza mama yako kama alijua. Akasema alijua, akaendelea kukunja nguo, kisha akaniambia, "Miaka yote hii hukuuliza kwa nini aliacha. Ulinuna tu."

Nikatoa daftari la pointi la mwaka ule. Unajua silitupi. Miaka yote nimekuwa nikilifungua kusoma tulishinda kwa ngapi. Siku ile nikasoma upande wa warushaji. Mechi tano, awamu thelathini na tano, siku tatu, na kila mstari jina ni lako. Nimeyaandika mimi kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri.

Jioni ile Nyigu alipopita dukani nikamwomba kalibu ya kiatu namba arobaini kwenye rafu ya juu. Akanyoosha kushoto. Nikamwambia atumie kulia. Akacheka, akasema kulia kumechoka. Nikamwambia ajaribu. Mkono ulifika usawa wa bega ukagoma, na sura yake ikageuka ikawa yako ya siku ile pale benchi. Sura ile niliiona, mwanangu. Nisijifiche nyuma ya kwamba hukusema. Niliiona nikaamua ni uvivu. Nikalia mbele ya mtoto. Kulikuwa na wateja wawili, wakajifanya wanachagua viatu.

Alhamisi ile kura yangu ilikuwa ibaki. Muuza nyama akaniita kigeugeu, nikamwambia ni kweli. Nesi alitupeleka kwa daktari anayemfahamu. Msuli wa Nyigu umevimba lakini haujachanika. Hatarusha kwa miezi mitatu, na daktari anasema atapona kabisa kwa sababu tumewahi. Hilo neno, tumewahi, nimeshindwa kulimeza mpaka leo, kwa ajili yako.

Jana tulicheza na timu ya muuza nyama. Tulimrushisha binti wa kinyozi, moyo anao ila shabaha hana, na baada ya awamu ya tatu tulikuwa tumeachwa kwa kumi na tatu. Mchezo ukakatwa kwa kanuni ya tisa. Muuza nyama alinitaka niisome kwa sauti, nikaisoma. Nyigu alikaa benchi na hajanisemesha tangu jana. Hata kuaga kulala alimuaga mama yake tu. Namwacha. Mimi nilikunyamazia mwaka mzima bila haki yoyote, na yeye haki anayo.

Picha nimeishusha. Iko hapa mezani ninapoandika. Miaka kumi na moja nimewaonyesha watu mkono ulioinuka, na ule mwingine ulikuwa hapo hapo, unaning'inia, mtu yeyote angeuona.

Nimeinuka mara mbili nikitafuta namna ya kusema linalofuata. Kitabu changu kina kanuni ishirini na tano na hakuna hata moja inayomwelekeza baba aliyekosa. Basi nasema kama nijuavyo. Uliniomba awamu moja nikakunyima. Nisamehe, mwanangu.

Usijibu kwa haraka. Na ukijibu, andika kwa mkono wowote, nitasoma.

Baba yako