Fomu Aliyoirudisha Bila Sahihi

Mwanangu mkaidi,

Huna adabu. Nakwambia hilo kabla sijakuuliza hali, ulisome ungali na nguvu. Mtu mzima mwenye mvi unamnunia mtoto uliyemzaa mwenyewe, wiki mbili akikuamkia unageukia ukutani! Nani alikulea hivyo? Si mimi.

Haya, hujambo? Mkeo hajambo? Mimi mzima, ni goti tu linalogombana na ngazi za kanisani, namshukuru Mungu. Mwandiko ni wangu mwenyewe, wa darasa la tatu. Herufi nimezifanya kubwa, na sababu unaijua.

Habari ninazo zote, usijisumbue kuzipamba. Ulikwenda na fomu ya leseni kwenye duka la miwani ambako mwanao anapima watu macho, ukataka akutilie sahihi upesi upesi. Akakukalisha kitini kama mteja mwingine, akakuziba jicho, na wewe ukasoma herufi zote bila kusita. Kumbe ubao aliutundika mwingine! Wewe ulikuwa unasoma ule uliokaa sebuleni kwenu miaka mitatu alipokuwa chuoni, ule ulioukariri ukisubiri chakula. Iliyofanana ni ile herufi kubwa ya juu tu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka unachoendesha ni basi la shule. Watoto arobaini, na dereva wao ana mtoto wa jicho macho yote mawili.

Alipokwambia ukweli ukamtolea amri ya Mungu, waheshimu baba yako na mama yako. Ukamkumbusha nani alimbeba mgongoni hadi zahanati alipougua, na kwamba kwa miaka ishirini na miwili hujakwaruza hata kuku. Yote kweli. Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wake, kwa sababu ungekuwa baba wa hovyo angekukatalia papo hapo. Akakuomba siku tatu.

Ngoja nikueleze alivyozitumia. Alifunga. Wenzake wakienda kula, yeye alipiga magoti chumba cha nyuma cha duka, katikati ya maboksi ya fremu. Siku ya kwanza, anasema, alimwomba Mungu amruhusu kutia sahihi, na kalamu aliishika mara mbili. Siku ya pili akaomba aonyeshwe avunje amri ipi, ya kumheshimu baba au ya kutoshuhudia uongo. Hakusikia sauti, hakuota ndoto. Akaenda kwa mchungaji, naye hakumpa jibu. Alimwuliza tu kama Mungu aliyezitoa zote mbili angefurahi moja ivunjwe. Basi siku ya tatu mwanao akaacha kuuliza avunje ipi, akaomba nguvu ya kuzishika zote.

Ndiyo maana alikufuata nyumbani, akafunga mlango usije ukaaibika, akapiga magoti mbele yako na kukurudishia fomu bila sahihi kabla hajapeleka habari shuleni. Akakusihi uende mwenyewe kwa mwalimu mkuu, kisha akupeleke hospitali ukafanyiwe upasuaji. Na hakukuficha kwamba shule zikifunguliwa Jumatatu hujasema, atasema yeye. Hiyo ndiyo unayoiita dharau? Mimi nimekalia mabenchi ya kanisa miaka sitini na sijaona heshima ya namna ile. Wengi wetu tukiomba tunamwagiza Mungu akubaliane nasi. Huyu aliomba mpaka akageuka yeye.

Sasa lililonishikisha kalamu. Siku ile ya pili alikuja kwangu pia, na mimi nilimwambia atie sahihi. Nilisema baba ni baba, watoto wa watu Mungu atawalinda. Alipotikisa kichwa nikamtishia kumnyima radhi. Ndiyo, mimi, mama wa kanisa! Sikuomba hata dakika moja, nilifungua mdomo tu. Alinishika mikono huku machozi yanamtoka, akaniambia radhi yangu anaihitaji sana, lakini watoto wa basi lile nao wana bibi zao.

Nilimfuta machozi kwa kanga yangu, nikamwacha aende zake.

Jana nilimwita, nikamwomba msamaha, nikampa radhi yote, hata ile niliyokuwa nimekuwekea wewe. Kama woga wako ni kisu cha daktari, sema ni woga, usimsingizie mtoto utovu wa adabu. Ukaidi huo hukuuokota njiani, umeutoa kwangu, ndiyo maana naujua ulivyo mzito kuutua.

Msalimie mkeo, mwambie asikutetee. Wasalimie na wote wanaoniulizia. Nakuombea, ingawa umenikera.

Ni mimi mama yako mzazi.

Umemaliza kusoma, sasa vaa viatu. Nenda kwa miguu mpaka kwa mwalimu mkuu, mkabidhi funguo za basi mkononi, na useme kwa kinywa chako mwenyewe. Ukitoka hapo nyoosha moja kwa moja hadi duka la miwani, ukamwombe msamaha binti yako mbele ya wateja.