Sindano za Jumamosi, Mkunya

Jumamosi, 10 Agosti 1957

Nimejidunga mwenyewe! Nusura niimwage dawa yote. Dawa yenyewe nyekundu kama juisi ya choya. Vitamini, kila Jumamosi, maana daktari wa misheni Masasi kasema damu yangu imepungua, na huku Mkunya hakuna wa kunidunga. Sista Theodora wa hospitali ya misheni alinifundisha kwa kudunga chungwa. Lakini chungwa halilii!

Mama mkwe alinisimamia. Nilipolenga ubavuni mwa paja, kama nilivyofundishwa, akanishika mkono. Siyo hapo. Kwenye chale alizonichanja nilipoletwa huku, kwa ajili ya kizunguzungu, akanisugulia na dawa. "Mlango upo, mwanangu. Unavunja ukuta wa nini?" Na nisimame wima, dawa ipate kushuka.

Nikasimama. Nikadunga. Mama yangu wee! Ngozi ya chale ngumu kama ya ngoma.

Jumapili, 11 Agosti 1957

Goti halikunjiki. Kanisani sikwenda.

Stefano kaja na baiskeli kutoka Newala. Mume wangu, karani wa boma, huonekana Jumapili tu, kama padri. Akaubonyeza uvimbe. Akauliza kama mguu huu ndio utakaosimama ubaoni, darasani Masasi, mchana kutwa. Nikaufunika kwa kanga. Ningemjibu, tungegombana.

Jumamosi, 17 Agosti 1957

Mguu uleule, chale zilezile. Sindano imepinda! Nimelia mpaka kuku wakakimbia. Mama mkwe kanikanda kwa majani ya moto, anasema dawa isiyouma haifanyi kazi. Hapo hapo akajitwika ndoo, akashuka bondeni mara ya pili. Maji yote ya nyumba hii sasa anachota yeye, hata ya kuchemshia sindano zangu. Kupanda kule kunamtoa pumzi, namsikia akihema tangu kwenye mikorosho.

Simchukii. Laiti ningeweza, ingekuwa rahisi.

Jumatano, 21 Agosti 1957

Siku nzima kitandani, mguu juu ya mto. Nahesabu boriti.

Shule Masasi inafunguliwa Jumatatu ya tarehe kumi na sita mwezi ujao. Nisipofika siku hiyo, darasa langu anapewa mwalimu mwenzangu, Mabel. Mabel! Kugawanya kwenyewe kunamshinda!

Kwetu mwanamume ndiye huhamia ukweni. Stefano kahamia wapi? Kahamia baiskeli. Mimi ndiye niliyeletwa huku juu "upumzike kidogo". Kidogo gani hiki, tangu Krismasi! Nikitaja shule, mama anautazama mguu. Stefano naye anautazama mguu. Hakuna anayenikataza chochote. Mguu unawasemea.

Jumamosi, 24 Agosti 1957

Leo sikumngoja. Alipoteremka bondeni tu, nikachemsha sindano mpya. Nikayakumbuka maneno ya Sista, yote, moja moja. Kaa chini. Ulegeze mguu, usiukaze. Kichupa kifumbate kwanza kipate joto. Spiriti iache ikauke. Mbali na kovu lolote. Leo paja hili, wiki ijayo lile. Ingiza upesi, sukuma polepole.

Nikadunga la kulia, pembeni, kwenye ngozi laini. Kama kuumwa na sisimizi! Nikangoja maumivu. Wapi! Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nikasikia ndoo inatuliwa uani. Nikaanza kuchechemea. Tena mguu wa kushoto, ule wa chale, niliukumbuka vizuri! Mwalimu mzima, naigiza kilema mbele ya mama wa watu. Aibu iliniuma kuliko sindano.

Jumamosi, 7 Septemba 1957

Nimefumaniwa. Mama karudi na ndoo nusu, kasema kizunguzungu kimemrudisha njiani. Kanikuta nimekaa, mguu nimeulegeza, sindano imo ndani.

"Mbona hulii?"

Nikamweleza kila kitu, hata kuchechemea. Nilitegemea matusi. Akachuchumaa, akapagusa. "Hapa? Hapaumi?" Hapaumi, mama. Akapabonyeza tena kwa kidole. Kisha akaenda kulala, jua likiwa utosini. Siku hizi analala sana mchana.

Jumapili, 8 Septemba 1957

Nimeruka kamba mbele ya Stefano. Kautazama mguu wangu utadhani umemsaliti. Basi, akasema, atanisemea kwa Nurdini, lori lake linashuka Masasi Jumamosi. Naondoka! Naondoka mimi!

Jumamosi, 14 Septemba 1957

Sanduku limefungwa tangu alfajiri. Lori la Nurdini limesimama barabarani, wanapakia mihogo.

Nilimwamkia mama, shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Leo hakwenda bondeni. Alikuwa jikoni, sindano zangu zinachemka sufuriani, kazibandika yeye. Nikamshukuru. Nikadhani zangu.

Akavuta kigoda. Akakaa. Akaipandisha kanga, akaulegeza mguu, sawasawa kama alivyoniona. Paja lake lote chale, juu mpaka chini, za miaka yote. Akapapasa, akapapasa, hadi akakipata kijisehemu pembeni kisichokuwa na hata moja. Akakiwekea kidole.

"Hapa, mwanangu. Pasipouma."

Nikasema mama, hii ni dawa ya hospitali, mpaka daktari akuone. Akanivuta karibu, akajifunua kope. Ndani kweupe. Ee Mungu, kweupe kuliko kwangu siku daktari aliponipima! Mtu huyu amenibebea maji mwezi mzima na damu hana.

Nimwambie panda lori, twende wote kwa daktari? Nimemwambia. Kacheka. Nyumba aachiwe nani, na Stefano kesho akija ale nini?

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umefumbata kichupa, kipate joto. Nurdini kapiga honi. Mama hageuki, kidole bado kipo palepale.

"Leo huu," anasema. "Jumamosi ijayo, ule mwingine."

Honi tena.