Interpol wa Igowole

Clement, usicheke. Nakusimulia habari za Sosthenes kana kwamba si mimi, maana nikisema "mimi" nitashindwa kumaliza.

Si unajua anavyowapiga watu fiksi kwenye pombe ya ulanzi? Mtunza stoo mstaafu, anajiita Interpol! Eti alikamata majangili tisa wa pembe za ndovu kwa filimbi tu!

Sasa jirani yake Yusta kaamini. KAAMINI, Clement.

Wiki mbili zilizopita alimjia analia. Binti yake Anjela alikwenda Asia kwa kazi ya hoteli, kumbe wamemfungia kwenye jengo, wanamlazimisha kutapeli watu mtandaoni. Sosthenes akajibu nini? "Tulia mama, nimeshawaambia wenzangu."

Nimeshawaambia wenzangu!

Mama wa watu akatulia. Polisi hakwenda.

Leo dhamiri imemsuta, kaenda kituoni kuulizia. Inspekta, mama mmoja mkali, kamtolea macho: "Tukifungua taarifa hapa, Dar wanawasiliana na polisi wa huko. Lakini hao matapeli wanawahamisha watu kila mara. Wiki mbili mlikuwa wapi, babu? Mlete mzazi leo hii!"

Mlikuwa wapi, babu.

Karudi nyumbani, kamkuta Yusta mlangoni na jogoo mwekundu mkononi. "Wa wenzako, baba. Najua wanahangaika na mwanangu."

Bado yuko hapo nje, Clement. Nimejifungia chooni nakuandikia.

Natoka kumwambia. Si Sosthenes. Mimi.